Mwanangu, usipige pasi tena

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Salamu zako nimezipata, na ule ujumbe wa kwamba unaendelea vizuri nimeusoma mara mbili. Lakini mwenzako mnayebebana hapo hosteli ameniambia mengine. Anasema unapiga pasi ndefu, unakula mara moja kwa siku, na kitandani unapanda saa tisa usiku. Usimkasirikie. Mimi ndiye niliyembana kwa maswali.

Najua ulivyowaza. Bumu la mkopo wa chuo halijaingia, mshahara wangu unaujua, hukutaka kunisumbua. Tena unaogopa kudisko, ufeli uondolewe chuo. Basi ukaona cha kupunguza ni chakula na usingizi.

Ngoja nikusimulie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na mvulana wa darasa la nne aliyesinzia karibu kila siku, kipindi cha tatu tu tayari kichwa kipo juu ya dawati. Nilimchapa. Nilimchapa zaidi ya mara moja, nikiamini ni mvivu. Siku moja nikamsindikiza hadi kwao, mwendo wa zaidi ya saa nzima kwa mguu, nikamkuta bibi yake mgonjwa na mafiga yamepoa. Mtoto alikuwa anakula jioni tu, tena siku ambazo jirani amekumbuka. Nililia njia nzima ya kurudi. Baadaye wazazi walikubali kuchanga mahindi na kuni, shule ikaanza kupika uji wa saa nne. Yule mtoto hakuwa wa kwanza darasani. Alianza kunyoosha mkono. Akili ilikuwepo siku zote, mwanangu, ila haikuwa na kitu cha kuishikilia.

Na chuo cha ualimu tulikuwa tumefundishwa! Abraham Maslow, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1943 kuhusu mahitaji ya binadamu: ya mwili, kisha usalama, upendo, heshima, na mwisho mtu kuwa kile ambacho ana uwezo wa kuwa. Mkufunzi alituchorea piramidi ubaoni, tukaikariri, nikafaulu mtihani, kisha nikaenda kumchapa mtoto mwenye njaa.

Miaka mingi baadaye niliisoma makala yenyewe. Humo hamna piramidi. Na Maslow anasema wazi kwamba hitaji moja halisubiri la kabla yake litimie lote. Anatoa mfano wa kukadiria tu: mtu wa kawaida anaweza kuwa ametosheka kwa asilimia 85 katika mahitaji ya mwili, 70 katika usalama, 50 katika upendo, 40 katika heshima, na 10 katika kule kuufikia uwezo wake. Hiyo 10 ilinigusa sana. Mtu hajakamilika popote, na bado kuna sehemu yake inayochanua.

Ndiyo maana habari ya kwaya imeniuma kuliko hata ya chakula. Umeacha kuimba, eti utarudi ukishapata shahada. Mama yangu, nakujua tangu una miaka saba: ukitoka mazoezini unaongea, unacheka, hata hesabu ulizokuwa umezikimbia unazirudia mwenyewe. Huko ndiko unakopatia watu wako. Kozi ni miaka mitatu, na sitaki uiishi yote ukiwa umejifungia na madaftari.

Kesho asubuhi basi linatoka hapa Mafinga. Nimempa konda kiroba: unga wa lishe kilo tano, dagaa, karanga nilizokaanga leo, na maharage. Kachukue stendi ya Mbezi jioni, namba ya konda nitakutumia. Uji unywe kabla ya kwenda darasani, na mwenzako mpe, asile kwa kuona haya. Saa tano usiku zima taa. Jumamosi nenda mazoezini, kisha unipigie unieleze mmeimba nini. Na siku unga ukiisha niambie siku hiyohiyo, usingoje nisikie kwa mtu.

Mama yako