Barua kwa mwanangu: usitume maombi ya chuo cha udaktari Juni hii

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Lanet. Shosho hajambo, ila mvua hii inamtesa magoti. Jana nilipomaliza kusahihisha karatasi za Kidato cha Nne, nilibaki mezani na ile kalamu nyekundu nikaifungua nakala ya matokeo yako. Usicheke. Mama yako hajui kuiangalia namba bila kuipigia hesabu.

Una krediti 90, yaani vipimo vya masomo uliyomaliza, kwa wastani wa 2.9 kati ya 4, na umebakiza 30. Tuseme upate A tupu mpaka mwisho. 90 mara 2.9 ni 261, ongeza 120 za hizo A (30 mara 4), gawa kwa krediti zote 120: 3.175. Nimeirudia mara mbili nikiomba niwe nimekosea. Wanaoingia vyuo vya udaktari huko Marekani wastani wao unakaribia 3.8. Na usirudie kemia ya kikaboni ukidhani ile C itafutika. Vyuo vya MD, vile vya udaktari wa kawaida, huhesabu alama zote mbili, na vya DO, vya udaktari wa osteopathia, navyo viliacha kufuta ya kwanza tangu 2017.

Kwa hiyo namba hiyo haitapona haraka, tuache kuililia. Ila darasani mtoto aliyetoka D akamaliza na B+ simpimi sawa na aliyekaa C+ miaka yote minne. Wanaosoma maombi nao hutazama alama zinaelekea wapi. Chukua biokemia, chukua fiziolojia, yale magumu yenyewe. A ya somo jepesi haitawadanganya. Ukishahitimu, ongeza mwaka mzima wa sayansi, uwape ushahidi ambao hawawezi kuupuuza.

Halafu kuna huo MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari. Sehemu nne, kila moja 118 hadi 132, jumla ya juu 528. Wanaoingia MD wastani wao ni kama 511 au 512. Wewe lenga juu ya hapo, kwa sababu una deni. Sehemu ya usomaji haihitaji sayansi yoyote, ni kuelewa tu mwandishi anataka kusema nini. Wewe uliyekuwa ukimsomea shosho Taifa Leo, kisha mkabishana mpaka chai ikapoa, hiyo isikutishe. Lakini usiufanye kwa kujaribu bahati. Kila alama unayopata wataiona.

Usividharau vyuo vya DO. Mjomba wako anasema eti si madaktari kamili. Ni madaktari kamili, wana leseni ya kutibu na kupasua katika kila jimbo la Marekani. Na ushukuru ile grini kadi ya bahati nasibu, maana vyuo vingi havimpokei kabisa mwenye viza ya mwanafunzi.

Sasa lililonikosesha usingizi. Nimeona C zako zimejaa mwaka wa pili. Huo ndio mwaka uliokuwa ukikesha kwenye nyumba ya wazee, ukiwageuza na kuwaogesha, asubuhi unakimbilia maabara. Huo ndio mwaka tulioezeka nyumba. Kila nilipopiga simu nilikuambia bei ya mabati, sikuuliza umelala saa ngapi. Zile C, mwanangu, nusu yake ni zangu.

Hizo kesha wataka kuzificha, nami nasema ziandike. Vyuo vinataka mtu aliyekwisha kumshika mgonjwa kwa mikono yake, nawe una mamia ya saa. Eleza kwa sentensi mbili kilichoangusha alama na kilichobadilika, bila kujihurumia, halafu mwandike yule mzee aliyekuwa akikuita kwa jina la mwanawe. Ulinisimulia ukilia.

Juni hii usitume. Najua wenzako wanatuma. Kila chuo kitakutoza ada yake, wakukatae kwa 2.9, na ukirudi wataona ulishakataliwa. Ngoja mpaka zile A ziwe kwenye karatasi, kisha utume siku za mwanzo kabisa dirisha linapofunguliwa, kwa kuwa vingi huita watu kwenye mahojiano kadiri maombi yanavyoingia. Kanisani wakiniuliza daktari wetu amefika wapi, nitawajibu mimi.

Karo ya mdogo wako ya muhula huu nimelipa, chama kimenikopesha. Zile zamu za usiku punguza ubaki na moja. Usitume kitu mpaka nikuambie.

Mama