Anayesema Kiswahili masikini kwa sababu ya "piga" akaiangalie "run" kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji mwenzetu aliyeandika humu kwamba Kiswahili ni lugha masikini, ati kwa sababu kila kitu sisi tunapiga, tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga mswaki, tunapiga kura, mpaka chafya nayo tunaipiga, wakati Mzungu kila kitu ana neno lake. Mimi nafundisha tuisheni ya Kiingereza huku Tanga, watoto wa kidato cha kwanza na cha pili, na hapo kwenye "kila kitu ana neno lake" nilicheka peke yangu, maana huyo ndugu inaonekana hajawahi kukutana na neno la Kiingereza "run", kukimbia.

Neno lenyewe herufi tatu tu. Kamusi kubwa ya Oxford walipokuwa wanalipitia upya kwa ajili ya toleo la tatu, mhariri wao mmoja, Peter Gilliver, alikaa na neno hilo hilo miezi tisa, na alipomaliza kitenzi peke yake kikawa na maana 645. Mia sita arobaini na tano jamani! Kabla ya hapo bingwa alikuwa "set", ambalo kwenye toleo la mwaka 1989 lilikuwa na maana kama 430. Sasa chukua piga zako zote, weka na piga debe, piga dili, piga magoti, piga marufuku, piga hodi, piga stori, halafu uone kama utafika hata robo.

Shida ni kwamba shuleni "run" inaandikwa ubaoni mara moja tu, run sawasawa na kimbia, basi, imeisha hiyo. Mtoto anamaliza darasa la saba nayo hivyo hivyo, anaingia kidato cha kwanza ambako masomo karibu yote yanageuka Kiingereza ghafla, anakutana na "My father runs a shop" na kwenye daftari anaandika baba yangu anakimbia duka. Nimeona daftari lenye hiyo sentensi na kosa kubwa jekundu pembeni, hakuna maelezo mengine, mtoto ananiuliza tisha kwani alikuwa anadaiwa? Swali zuri tu kwa kweli, mtu anayekimbia duka lake lazima atakuwa anadaiwa. Ila hakuna aliyemwambia kwamba hapo ni kuendesha.

Na hilo kuendesha ndo linanifurahisha zaidi. Huku kwetu mtu akiharisha tunasema anaendesha, au tumbo linamwendesha, na Kiingereza chetu cha Afrika Mashariki kinasema "running stomach", Mwingereza mwenyewe anasema ana "the runs". Yaani kampuni inaendeshwa na tumbo linaendesha, na kwa Mzungu kampuni ni run na tumbo ni run, lugha mbili ambazo hazina undugu wowote zimekutana chooni. Sasa nani masikini hapo? Pua ikitoa kamasi nayo ni run, mto ukitiririka run, rangi ya kanga ikichuja ikaingia kwenye shati jeupe run, maji ya bomba "running water". Soksi ndefu za kina mama uzi ukifumuka Mmarekani anasema run, Mwingereza anaiita ngazi. Halafu zikaja mashine, treni, injini, sasa hivi programu za kompyuta, vyote hivyo vikifanya kazi Kiingereza hakikuhangaika kutafuta neno jipya, kikachukua run ile ile.

Kwenye siasa ndo usiseme. Mmarekani akitaka urais anakimbia, Mwingereza akitaka ubunge anasimama, sisi tunagombea, ingawa chama chetu nacho kinamsimamisha mgombea kwa hiyo kusimama nako tunakujua. Mgombea mwenza wao wanamwita "running mate", neno lililotoka kwenye mbio za farasi, alikuwa farasi wa pili wa zizi lile lile anayeingizwa kumvutia kasi mwenzake. Duru ya pili ni "run-off". Uchaguzi wa marudio kama ule wa Zanzibar wa Machi 20, 2016 ni "re-run". Na wapenzi wa kriketi wanakumbuka Kenya ilivyowafunga Sri Lanka pale Nairobi kombe la dunia 2003 kwa mikimbio 53, maana pointi za kriketi nazo ni "runs", hapo angalau mtafsiri hakupata shida.

Kuna jambo lingine huyo ndugu kalisahau. Mwingereza maana nyingine anazipata kwa kubandika kineno mbele, "run out" umeishiwa, "run over" gari limemkanyaga mtu, "run into" umekutana na mtu ghafla, na mwanafunzi inabidi akariri kimoja kimoja maana huwezi kuvikisia. Sisi tunageuza mkia wa kitenzi, kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana, hapo hapo unapata mkimbizi na kimbilio, na tunakimbiza Mwenge nchi nzima. Machi 9, 2023 wateja wa Silicon Valley Bank kule Marekani walipotaka kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, Kiingereza kinaita "bank run", ila mtu akikwambia watu wamekimbilia benki kutoa hela zao umeshaelewa, hiyo "li" ya katikati imemaliza kazi.

Sasa Mhariri na nyie naomba niwaguse kidogo. Habari za nje mnazotafsiri, naona wakati mwingine mtu "anakimbia urais", nadhani ni ile programu ya simu inafanya kazi na hakuna anayeipitia baada yake. Na ile kona ya kujifunza Kiingereza mnayoweka orodha ya maneno kumi na maana moja moja, ningeomba badala ya kumi muweke neno moja na sentensi kumi, mkianza na "run" hamtamaliza mwaka huu lakini wanafunzi wangu watawakatia hiyo kona na kubandika kwenye madaftari. Mimi niko tayari kuwaandikia za wiki ya kwanza bure.

Mwalimu wa tuisheni,
Tanga