Mafuta niliyokuwa nikimimina kwa macho

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani wa miaka 52, kazi yangu ni ya kukaa kutwa. Naomba nafasi niseme machache kuhusu kupunguza uzito, maana safari hii nimeianza mara tatu.

Mara mbili za kwanza nilijinyima chakula. Wiki ya kwanza mizani ilishuka kilo 2, nikatamba. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa maji: mwili unapotumia akiba yake ya wanga, hupoteza na maji yaliyoambatana nayo. Njaa iliponishinda nikala kama niliyetoka kifungoni, kilo zikarudi zote.

Mara ya tatu nikaanza kupima. Mafuta ya kupikia nilikuwa namimina kwa macho tu (na mimi ndiye nipimaye nguo za watu kwa futi!). Sikujua kwamba gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali ya sukari au protini ina 4. Sasa napima kwa kijiko. Nusu ya sahani ni mboga. Sukari ya chai niliipunguza kidogo kidogo hadi ulimi ukazoea.

Kwa miezi minane nimepungua kilo 7. Ni polepole, lakini suruali zangu nimelazimika kuzibana kiuno.

Anayetumia dawa za kisukari asiniige kabla ya kuzungumza na daktari wake. Mlo ukibadilika ghafla na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka mno.

Fundi cherehani, msomaji wako