Troponini ya mama iko juu kila siku, nitajuaje ikiwa ni moyo kweli?

Daktari, pokea salamu kutoka Umoja, na wasomaji wenye wagonjwa wa figo mniongelee pia.

Mama yangu ana miaka 63, sukari na presha amekuwa nazo kitambo, figo zikafeli mwaka juzi na sasa anaenda dialisisi Jumanne na Ijumaa. Shida huwa hapo kati ya Ijumaa na Jumanne, maji yanajaa miguuni mpaka slipa hazimwingii. Sasa kuna Jumatatu usiku akaniamsha akisema kifua kimembana na hawezi kulala chali, nikaita teksi tukakimbia hospitali moja sitaitaja.

Wakapima troponini T, ile protini ya misuli ya moyo inayomwagika kwa damu moyo ukiumia, ikarudi 68 na kwa karatasi wameandika kawaida isizidi 14. Daktari wa zamu akasema huo ni mshtuko wa moyo, mama atafutiwe kitanda cha ICU na sisi tulete diposti ya laki mbili. Ndugu yangu hakungoja kusikia mengine, saa nane usiku alishafungua grupu ya mchango WhatsApp.

Baada ya masaa matatu wakarudia kipimo, 70. Asubuhi daktari wa figo akaja, akaweka ECG mpya (ile karatasi ya umeme wa moyo) kando ya ile ya zamani akaona hakuna kilichobadilika, akatueleza ati moyo wa mgonjwa wa figo umebeba presha na maji miaka mingi, misuli inanenepa inavuja hiyo protini kidogo kidogo kila siku na figo nazo ndio hizo hazisaidii kuitoa, kwa hivyo namba moja peke yake haisemi mengi, kinachoangaliwa ni kama inapanda au kushuka kati ya kipimo na kipimo. 68 kwenda 70 si kupanda, ingeruka kama asilimia 20 hapo tungekuwa na stori ingine. Hata ile proBNP, kipimo kingine cha damu cha kuangalia moyo, iliyokuwa maelfu alisema hupanda figo zikifeli na maji yakijaa. Akapelekwa dialisisi wakatoa lita tatu, jioni mama huyo anaitisha chai (nikampimia nusu kikombe, akaninunia).

Sawa, tulifurahi. Lakini mama alichobeba nyumbani ni maneno mawili tu, "ni figo". Juzi amepanda ngazi hadi floor yetu ya tatu jasho baridi linamtoka, nikamwambia twende akakataa kabisa, ati ni figo mwanangu, hicho kipimo changu cha damu huwa juu, wataniitisha laki mbili tena. Na daktari huyo huyo alikuwa ametuonya kwamba kuwa juu kila siku si kusema ni bure, ni dalili moyo umechoka, na kwamba watu wa figo ndio hasa hupata mshtuko wa moyo, wenye sukari wengine hata hawasikii uchungu! Sasa mimi nishike gani?

Ndugu yangu naye anasema tulidanganywa, hakukuwa na kitanda ndio wakatupa stori. Pesa za watu bado ziko kwa simu yake, hiyo ni vita ingine.

Nimefikiria nimwombe daktari wa figo ampime troponini siku akiwa sawa, kabla hajaunganishwa na mashine, niandike namba kwa daftari lake pamoja na kopi ya ECG, ndio siku tukiingia emajensi usiku yeyote tutakayempata awe na cha kulinganisha. Ni wazo la maana ama nitaonekana najifanya daktari? Na ni dalili gani mama akiwa nazo nimbebe hata akikataa? Kliniki yake ni Alhamisi ya wiki ijayo, tafadhali nijibiwe kabla hapo.

Kifungua mimba, Umoja