Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: madaftari ya makaburi yasiozee stoo

Mheshimiwa Waziri,

Salamu nyingi kutoka Kisauni. Nakuandikia wewe kwa sababu Katiba ya 2010 iliyaweka makaburi ya umma chini ya kaunti, katika huduma za afya. Makaburi yakiwa yako, na madaftari yake ni yako.

Mimi ni mzawa wa Freretown. Wengi hupita Kengeleni bila kujua jina hilo lilikotoka: ni kengele ya Freretown, kijiji ambacho wamishenari wa CMS, shirika la kimishenari la Kianglikana kutoka Uingereza, walikianzisha katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Babu wa babu yangu alikuwa mmoja wao. Alibatizwa, akapewa jina la Kizungu, na jina aliloitwa na mamake likapotelea hapo. Jirani yangu Mgiriama anaweza kukutajia mbari yake kizazi baada ya kizazi. Ukoo wetu sisi unaanzia kwenye mstari mmoja wa wino: jina, umri wa kukisia, siku ya kuzikwa.

Matthew Wellington, naye mtumwa aliyeokolewa, na mmoja wa watu waliousindikiza mwili wa mmishenari David Livingstone hadi pwani, alizaliwa Myao akiitwa Chengwimbe. Jina hilo tunalijua kwa kuwa alipata umaarufu kabla ya kufariki mwaka 1935. Je, wale waliozikwa kimya kimya?

Mzee mmoja wa kanisa aliwahi kunisomea daftari la mazishi. Kando ya jina la bibi mzaa babu yangu paliandikwa "Mnyasa", yaani mtu wa pande za Ziwa Nyasa. Neno moja tu, Mheshimiwa, na nililia kama mtoto, kwa sababu hakuna mtu nyumbani aliyewahi kujua tulitoka upande gani.

Na kwa Waafrika, usajili wa vifo ulienezwa wilaya baada ya wilaya, ukafika nchi nzima mwaka 1971. Kwa aliyekufa kabla ya hapo, huenda daftari la makaburi ndiyo karatasi pekee iliyobaki yenye jina lake. Misalaba ya mbao imekwisha kuoza. Ukikosa namba ya kaburi, unasimama nyasini hujui usome dua wapi.

Nilikwenda ofisi moja kumtafuta ndugu ya babu yangu, aliyezikwa miaka ya 1950. Karani, kijana mpole, alinionyesha daftari moja: kurasa zimegandana kwa unyevu, mchwa wamekula pembe. Mengine, aliniambia, yamefungiwa stoo na hakuna ruhusa ya kuyafungua.

Ninachoomba si jengo. Kila ukurasa upigwe picha kabla ya masika mengine, hata kwa kamera ya simu, mezani, penye mwanga mzuri. Kurasa zilizogandana zisibanduliwe kwa nguvu, zingojee fundi. Nakala ipelekwe Nyaraka za Taifa. Maandishi ya zaidi ya miaka hamsini turuhusiwe sote kuyasoma. Ya karibuni yabaki kwa jamaa wa marehemu, maana msiba mbichi una siri zake. Makanisa na kamati za maziko za Waislamu waalikwe kwa hiari yao, kwani madaftari yao ni mali yao.

Mimi na wenzangu tuko tayari kuja Jumamosi yoyote kuorodhesha majina, bila malipo. Tupe ruhusa ya stoo na karani mmoja wa kutusimamia.

Wako kwa heshima,
Mjukuu wa Freretown