Waya mmeukata, na Berlin haihusiki

Ndugu Mhariri,

Katuni mliyoiweka Jumapili kwenye makala ya kugawanywa kwa Afrika, ile ya Mzungu aliyetagaa juu ya bara zima, si ya Mkutano wa Berlin. Mkutano ule ulifunguliwa Novemba 15, 1884 ukafungwa Februari 26, 1885. Katuni ilitoka Desemba 10, 1892 katika Punch, jarida la mzaha la London. Hapo katikati ni miaka saba na ushei, na Cecil Rhodes, ambaye ndiye aliyechorwa, hakuwamo Berlin. Kosa hilo tumelizoea, tumenyamaza miaka mingi. Safari hii mmeongeza jingine lililo baya zaidi: picha mmeikata.

Mmekata mikono! Je, yupo aliyeitazama picha nzima kabla ya kuipunguza? Rhodes amenyoosha mikono yote miwili, na kutoka mkono mmoja hadi wa pili kuna waya unaoshuka pande zote mbili, huku Kairo, huku Cape Town. Waya huo ndio habari yenyewe. Novemba 29, siku kumi na moja tu kabla ya katuni kutoka, Rhodes, wakati huo Waziri Mkuu wa Koloni la Rasi (Cape, huko Afrika Kusini), alitangaza mjini London kwamba atapitisha telegrafu kutoka Rasi hadi Kairo. Mchoraji Edward Linley Sambourne akaichukua ahadi ile pamoja na jina la mtu, akaviunganisha na sanamu ya shaba ya kisiwa cha Rhodes huko Ugiriki, moja ya maajabu saba ya kale, ambayo watu wa karne za baadaye walidhani ilisimama huku imepanua miguu juu ya lango la bandari. Rhodes mtu, Rhodes kisiwa: mzaha umejengwa hapo. Wazee wetu telegrafu waliiita simu, na simu katika asili yake ya Kiajemi ni waya, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili angeielewa picha hii haraka kuliko wengi, kama angeachiwa kuiona.

Ukiondoa waya linabaki dubwana lenye bunduki mgongoni, na kila mtu anajaza lake. Wapo wanaosema ni kamba ya kupimia ardhi, wapo wanaosema ni reli. Katika shule moja ambayo sitaitaja, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliandika kwenye jaribio kwamba Rhodes anapima Afrika kwa kamba mjini Berlin mwaka 1884. Alipewa alama zote. Mwalimu wake alikuwa ameibandika ukutani picha ya gazetini, pamoja na maelezo yake yenye makosa, na yeye hana lawama, aliliamini gazeti.

Kuukata waya kunaficha pia jinsi ulivyokwama. Julai 1, 1890, miaka miwili kabla ya katuni, Uingereza na Ujerumani zilikwisha kukubaliana mipaka, na Wajerumani wakapata nchi yote kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika, wakapakana na Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Huko kaskazini, Sudan ilikuwa mikononi mwa wafuasi wa Mahdi, kiongozi wa dini aliyeongoza uasi, tangu Khartoum ilipoanguka Januari 1885. Njia ambayo Rhodes anaivuka kwa hatua moja kwenye mchoro ilikuwa imezibwa mahali pawili. Waya ulifika Blantyre, Malawi ya leo, mwaka 1895. Machi 1899 Rhodes mwenyewe akaenda Berlin kumwomba Kaisari Wilhelm II ruhusa ya kuupitisha kwenye nchi ya Wajerumani (hapo ndipo Berlin inapoingia, Ndugu Mhariri, miaka sita na zaidi baada ya katuni). Yeye alifariki Machi 26, 1902. Waya ulifika Ujiji ukaishia hapo, Kairo haukuiona kamwe. Kilichofika kila mahali ni mchoro. Hadi leo mchoraji akitaka kumwonyesha mtu, kampuni au taifa linaloitamani Afrika, humpa buti mbili, moja kaskazini na moja kusini. Na sanamu ya Rhodes ilipoondolewa Chuo Kikuu cha Cape Town, Aprili 9, 2015, wengi walikuwa wakimfikiria mtu huyu wa Sambourne kuliko yule wa shaba aliyekuwa akinyanyuliwa na winchi.

Sasa uchapaji. Mchoro huu ni mistari ya wino mweusi, hauna kijivu. Mkiuskani kama picha ya kamera, mtambo unauvunja kuwa nukta, na kwenye gazeti, ambako skrini, yaani wavu wa nukta hizo, huwa ya mistari kama 85 kwa inchi, waya mwembamba hukatikakatika kisha ukatoweka. Karatasi ya gazeti nayo hunywa wino, hivyo mistari ya kivuli iliyobanana hushikana ikawa doa. Uskaniwe kama mchoro wa mistari, nyeusi na nyeupe tu, nukta 1,200 kwa inchi katika ukubwa utakaochapwa. Nakala ndogo ya intaneti haifai, maana ina vumbi la kijivu kando ya kila mstari. Tena angalieni Pembe ya Afrika: ikielekea kushoto, picha imegeuzwa.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu: ile ya nyoka wa mpira mwenye kichwa cha Leopold, anayemviringa Mkongomani huku mwanamke na mtoto wakikimbia, mnaiweka kwenye makala za biashara ya utumwa. Ni ya Sambourne huyohuyo, Punch, Novemba 28, 1906, na inahusu mpira wa Kongo, ule utomvu wa miti. Mkitaka katuni ya Berlin ipo, ya mchoraji Draner katika jarida la Ufaransa L'Illustration, Januari 3, 1885: Bismarck, Kansela wa Ujerumani, akikata keki ya Afrika. Msiichanganye na keki ya Henri Meyer ya Januari 1898. Ile ni China, na nyuma yake kuna mtu wa Kichina aliyeinua mikono kwa fadhaa.

Naomba picha irudiwe Jumapili ijayo, ukurasa uleule, safu tatu kwa upana, bila kukatwa popote. Chini yake iandikwe: Katuni ya Edward Linley Sambourne, jarida la Punch, London, Desemba 10, 1892. Rhodes ameshika waya wa telegrafu. Nafasi ikiwa finyu, lipunguzwe tangazo, mikono iachwe.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma