Ombi la Mchango wa Kupima Mlonge Tunaokunywa

Ndugu waumini na marafiki wa usharika wetu hapa Dodoma, Bwana Yesu asifiwe.

Kamati ya afya inaomba shilingi 3,600,000 ili unga wa majani ya mlonge, ambao wengi wetu tunaukoroga kwenye uji tukiamini kwamba unashusha lehemu, yaani kolesteroli, upimwe kitaalamu. Lehemu ikizidi kwenye damu haiumi wala haionekani. Hujikusanya polepole kwenye kuta za mishipa, na wapo wanaoitambua siku wanapopata kiharusi. Kwa hiyo ushuhuda wa “nimekunywa nikajisikia vizuri”, hata ukitolewa kwa moyo mweupe, hautuambii lolote kuhusu lehemu.

Hatudharau tiba asili. Lovastatini, dawa ya lehemu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, ilitokana na kuvu, lakini ilipimwa kwanza na kipimo chake kikajulikana. Mlonge wetu bibi huuchota kwa kiganja kutoka kwenye kopo la siagi, na kiganja cha bibi si kiganja cha mjukuu.

Tunakusudia kupata watu wazima 40 watakaojitolea. Nusu watapewa mlonge uliopimwa kwa gramu, na nusu unga unaofanana nao usio na mlonge, bila wao wala muuguzi kujua nani kapewa upi, kwa sababu mtu anayejua kwamba yuko kwenye dawa huanza pia kupunguza nyama ya mafuta, na hapo hatutajua kilichomsaidia ni kipi. Kila mmoja atapimwa damu asubuhi kabla ya kula, mwanzoni na baada ya wiki 12, na ini lake litaangaliwa pia. Watu 40 ni wachache, nasi hatudai kwamba majibu yao yatamaliza ubishi.

Vipimo 80 kwa shilingi 30,000 kila kimoja ni shilingi 2,400,000. Zinazobaki ni za kuuchunguza unga wenyewe maabara, vifungashio na nauli. Mtafiti mwenye sifa atasimamia kazi, na damu haitatolewa kabla ya kupata kibali cha maadili ya utafiti. Kibali kisipopatikana, kila mchangiaji atarudishiwa chake. Anayetumia vidonge vya hospitali asiviache kwa ajili ya jambo hili.

Mweka hazina atapokea michango kila Jumapili baada ya ibada na kutoa risiti. Mtama, karanga, alizeti na kuku vitapigwa mnada palepale uwanjani.